Rangi za ukindu: nitajuaje kama kemikali ina uwezekano wa kuharibu vinasaba?

Ukindu_Tanga

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Huku upande wa Pangani akina mama wanasuka mikeka na vikapu vya ukindu na mkonge, na rangi wanachemsha wenyewe nyumbani. Sufuria ya lita kumi, maji yakitokota wanamimina unga wa rangi vijiko viwili vya chakula na chumvi kidogo, wanazamisha ukindu kama saa nzima, wanaopoa, wanaanika. Sokoni unga huu unapimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye nailoni, hauna jina. Safari hii muuzaji amekubali kuonyesha makopo yenyewe, na lebo zinasomeka hivi (C.I. ni namba ya rangi kwenye orodha ya kimataifa ya Colour Index):

Nyekundu: Direct Red 28, C.I. 22120
Njano: Basic Yellow 2, C.I. 41000
Zambarau: Basic Violet 3, C.I. 42555
Machungwa: Acid Orange 7, C.I. 15510

Maabara iliyopo ni ya kufundishia. Ina inkubeta ya nyuzi 37, otoklevu, darubini, mizani ya miligramu, sahani za silika za kromatografia, na kompyuta yenye intaneti. Fedha za kutuma rangi zote nne nje kwa vipimo vyote hazipo.

Maswali ni mawili. Naanzia wapi ili nijue ipi ina uwezekano mkubwa wa kuharibu vinasaba? Na kipimo cha Ames, kile cha kuangalia kwa bakteria kama kemikali inabadilisha vinasaba, kikitoka hasi, niwaambie akina mama waendelee?

---

Kemia_ya_Pwani

Mkuu, usianze na bakteria. Anza na karatasi na kalamu. Chora muundo wa kila rangi, kisha uliza: hii inageuka nini kabla haijakutana na vinasaba vya mtu? Inaweza kugeukia ndani ya sufuria, na inaweza kugeukia ndani ya mwili. Kinachotakiwa kupimwa ni kile kinachofika kwenye seli, na kwa rangi zako hizi mara nyingi si kile kilichoandikwa kwenye kopo.

Lakini kabla ya hapo hakikisha lebo inasema kweli. Vielelezo vya kulinganisha huenda viko kabatini tayari. Basic Violet 3 ndiyo kristali vayoleti ya kupakia slaidi za Gram. Basic Yellow 2 ni auramini, ile ile ya kupimia makohozi ya kifua kikuu kwa darubini ya mwanga wa fluoresenti. Direct Red 28 ni Congo Red, na maabara za patholojia, zinazokagua vipande vya nyama ya mgonjwa, huwa nayo. Weka tone la unga wa sokoni kando ya tone la kielelezo kwenye sahani ya silika, uziache zipande pamoja. Madoa mawili au matatu kutoka unga mmoja maana yake una mchanganyiko, na kila doa linahitaji hesabu yake. Pia usidhani unga wote ni rangi. Rangi za mikeka huchanganywa na chumvi ya kawaida, salfeti ya sodiamu au dekstrini ili uzito uongezeke. Yeyusha kiasi kilichopimwa, soma ukali wa rangi kwenye spektrofotometa hata ya kuazima, linganisha na kielelezo safi. Kama rangi halisi ni asilimia 40, basi miligramu 5 zako ni miligramu 2 tu. Na unga wa pwani hunyonya unyevu wa bahari, kwa hiyo ukaushe kwenye desiketa, chombo cha kunyonya unyevu, hadi uzito usibadilike ndipo upime.

Sasa nyekundu. Katikati ya molekuli yake kuna pete mbili za benzini zilizoshikana, na kila upande kuna fundo la azo, yaani nitrojeni mbili zilizofungwa kwa kifungo maradufu. Fundo hilo hukatwa na vimeng'enya vya ini, na zaidi bakteria wa utumbo. Likikatwa pande zote mbili, kipande cha katikati kinachobaki ni benzidini. Hapo hakuna mjadala: IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka benzidini Kundi la 1, yaani imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na rangi zinazogeuka kuwa benzidini mwilini nazo zimewekwa humo humo. Saratani inayohusika ni ya kibofu cha mkojo.

Piga hesabu yake uone. Molekuli ya Direct Red 28 ina uzito wa 696.7, benzidini 184.2. Gramu moja ya rangi safi inaweza kutoa hadi gramu 0.26 za benzidini. Kilo moja ya ukindu ikinywa gramu moja tu ya rangi, ukindu huo una uwezo wa kutoa miligramu 260 kwa kilo. Umoja wa Ulaya kwa vitambaa na ngozi zinazogusa mwili huweka mpaka wa miligramu 30 kwa kilo kwa kila amini ya aina hiyo, yaani vipande vinavyotoka kwenye azo kama benzidini. Ni karibu mara tisa.

Kwa hiyo nyekundu usipoteze sahani za bakteria kuipima. Iondoe. Na tafadhali usijaribu kuikata kwa dithionaiti ya sodiamu, kemikali inayovunja azo, ili "uone" benzidini. Njia hiyo ni ya kweli na ndiyo inayotumiwa kwenye viwango vya nguo: gramu moja ya sampuli, bafa ya sitreti ya pH 6, nyuzi 70, nusu saa kabla ya dithionaiti na nusu saa baada yake. Ila ukifanya hivyo kwa rangi hii utakuwa unatengeneza benzidini kwenye bika lako mbele ya wanafunzi. Waachie wenye kabati la kuvuta hewa na mashine ya kusomea.

Njano ndiyo inayonisumbua zaidi, maana haina azo na mtu anaweza kuipita. Auramini ina kifungo cha kaboni na nitrojeni katikati ambacho hakivumilii maji ya moto. Ikichemshwa huvunjika, inatoa amonia na kuacha ketoni ya Michler. Saa nzima kwenye sufuria inayotokota ni muda wa kutosha kabisa. IARC imeziweka auramini na ketoni ya Michler zote mbili Kundi la 2B, yaani huenda zinasababisha saratani, na kazi ya kutengeneza auramini kiwandani Kundi la 1. Sasa ukipeleka unga mkavu wa njano kwenye kipimo, umepima kitu ambacho akina mama wanakigusa kabla ya kuchemsha tu. Baada ya hapo wanaogelea na kingine.

Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Chemsha gramu 1 kwenye lita moja ya maji kwa saa moja, poza, tia siki ya maabara hadi pH 4 au 5 ili auramini ibaki majini na chaji yake, kisha kamua kwa ethaili asetati. Tone la mkamuo huo kwenye silika, kimiminika cha heksani sehemu 7 na ethaili asetati sehemu 3. Auramini inabaki chini karibu na mstari wa kuanzia. Doa linalopanda na kuonekana chini ya taa ya urujuanimno ndilo la kulinganisha na ketoni halisi.

Zambarau haina azo wala haivunjiki kirahisi hivyo, ila IARC imeiweka 2B pamoja na umbo lake lisilo na rangi. Machungwa kwangu ndiyo nafuu. Ina azo, lakini ina kundi la salfoni, na amini zenye salfoni hutoka na mkojo upesi na kwa kawaida hazidhuru vinasaba. Ningeiweka ya mwisho.

Kuhusu kompyuta: kuna programu zinazokadiria sumu kutokana na muundo wa molekuli, Toxtree, VEGA na QSAR Toolbox ya OECD (shirika la kimataifa linalotoa pia miongozo ya vipimo), zote bure. Tumia mbili zisizofikiri kwa namna moja, moja ya kanuni za kitaalamu na nyingine ya takwimu, kwa sababu zikikubaliana jibu lina uzito. Kosa linalofanywa kila siku ni kuingiza rangi nzima na sodiamu zake. Programu inachanganyikiwa na chaji au inajibu nje ya eneo ililofundishwa, na mtu ananakili "hasi". Ondoa sodiamu, kisha ingiza na vipande pia, kila kimoja peke yake. Muundo unaandikwa kwa herufi za SMILES: benzidini iandike `Nc1ccc(cc1)-c1ccc(N)cc1`. Ketoni ya Michler ni `CN(C)c1ccc(cc1)C(=O)c1ccc(cc1)N(C)C`. Na kila mara soma mstari unaosema kama molekuli iko ndani ya eneo la modeli. Bila mstari huo jibu halina thamani.

---

Sahani_37

Nakubaliana na Kemia isipokuwa kwenye machungwa. Angalia tena muundo wa Acid Orange 7, kaka. Salfoni iko upande mmoja tu, kwenye pete ya benzini. Azo ikikatwa unapata asidi ya salfaniliki, ambayo kweli si tatizo, na upande wa pili unapata 1-amino-2-naftoli isiyo na salfoni yoyote. Kanuni ya salfoni inafaa pale kila kipande kinachotoka kina salfoni yake. Kwa hiyo hii haiwekwi mwisho. Hii ndiyo rangi inayostahili kabisa kupimwa Ames, kwa sababu karatasi na kalamu hazikutoa jibu.

Mkuu Ukindu, sasa kipimo chenyewe. Bruce Ames na wenzake walikitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale Berkeley, na mwongozo unaofuatwa leo ni OECD namba 471. Wazo lake ni hili: unachukua Salmonella aliyeharibiwa jeni ya kutengeneza histidini, amino asidi anayoihitaji. Bila histidini hawezi kukua. Kemikali ikimbadilisha vinasaba, baadhi yao hurudishiwa uwezo ule na kuota koloni. Unahesabu makoloni.

Aina tano zinatakiwa: TA98, TA100, TA1535, TA1537, na ya tano ama TA102 au E. koli WP2 uvrA. TA98 na TA1537 hunasa herufi za vinasaba zilizoongezwa au kudondoshwa, TA100 na TA1535 hunasa herufi iliyobadilishwa na nyingine. Amini kubwa bapa kama benzidini huonekana zaidi kwenye TA98.

Kila sahani inapata mililita 0.1 ya bakteria waliokuzwa usiku kucha, mililita 0.1 ya sampuli, mililita 0.5 ya bafa au mchanganyiko wa S9 (nitaieleza chini), na mililita 2 za aga laini, jeli ya kukuzia bakteria, iliyo nyuzi 45 yenye chembe ya histidini na bayotini. Mimina juu ya aga ya glukosi, tandaza kabla haijaganda, pindua, weka 37 kwa saa 48 hadi 72. Aga laini ikizidi nyuzi 50 unaua bakteria, ikipoa mno inaganda mabonge na makoloni yanajipanga kama ramani ya visiwa. Weka bafu la maji lenye kipimajoto chake, usiamini namba ya kitufe.

Dozi ni tano kwenda chini kwa hatua ya nusu-logi, kila moja kama theluthi ya iliyotangulia: mikrogramu 5,000, 1,600, 500, 160, 50 kwa sahani, kila dozi sahani tatu. Ongeza sahani za kiyeyushi pekee na za sumu inayojulikana. Aina tano, ngazi saba, sahani tatu, pamoja na S9 na bila S9: sahani 210 kwa rangi moja. Kwa bajeti yako anza na TA98 na TA100 tu, sahani 84. Ikitoka chanya wazi umemaliza. Ikitoka hasi bado hujamaliza, unatakiwa kukamilisha aina zilizobaki.

S9 ni maji ya ini la panya lililosagwa na kuzungushwa kwa nguvu ya 9,000 g. Kazi yake ni kufanya kile ambacho ini la mtu lingefanya, maana bakteria hana vimeng'enya hivyo. Inatunzwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku na friza ikapanda, usiirudishe kuganda ukaendelea kama kawaida: inakufa polepole, sahani zako zinatoka hasi, na hasi hiyo ni ya uongo. Ndiyo sababu ya kuweka sumu za kulinganishia: 2-aminoanthrasini kila mara kwenye sahani zenye S9, na benzo[a]pireni walau kwa kila kundi jipya la S9, kwa sababu 2-aminoanthrasini inaweza kuamshwa hata na S9 dhaifu.

Kwa rangi za azo S9 ya kawaida haitoshi. Mchanganyiko wako una hewa, na azo hukatwa vizuri pasipo oksijeni. Njia iliyotengenezwa kwa ajili hii ni ya Prival: S9 ya ini la hamsta wa dhahabu, mnyama mdogo jamii ya panya, asiyepewa dawa ya kuamsha ini, kwa asilimia 30 ya mchanganyiko, pamoja na flavini mononyukliotidi milimola 2, halafu sampuli, bakteria na S9 vikae pamoja nusu saa kwenye nyuzi 30 bila kutikiswa, ndipo uongeze aga laini. Sumu ya kulinganishia ni Congo Red yenyewe. Kama Congo Red yako haitoi makoloni mengi kwenye TA98, basi azo haikukatwa, na hasi ya Acid Orange 7 siku hiyo itupe.

Kuhesabu. Bila sumu TA98 hutoa kama makoloni 20 hadi 50, TA100 kama 75 hadi 200, TA1535 na TA1537 chini ya 20. Wengi husema ni chanya ikifika mara mbili ya kawaida kwa TA98 na TA100, mara tatu kwa hizo nyingine, idadi ikipanda kadiri dozi inavyopanda, na jambo lijirudie siku nyingine. Sahani moja yenye 90 katikati ya sahani za 40 si ushahidi wa chochote.

Kisha geuza sahani uitazame chini ya darubini ndogo. Lazima uone utando mwembamba wa bakteria waliokua kidogo kwa ile chembe ya histidini. Utando ukipungua, dozi imeua. Na hapo ndipo watu wanaanguka: wengi wakifa, wachache waliosalia wanagawana histidini yote iliyobaki na kuota vidoa vidogo kama ncha ya sindano, vingi mno. Hao hawakurudishiwa jeni, wameshiba tu. Wachukue kumi kwa kijiti, wahamishie kwenye aga isiyo na histidini kabisa. Wasipoota, sahani hiyo haihesabiwi.

---

Ukindu_Tanga

Shukrani sana wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Nyekundu nimeshawaambia waiweke kando leo leo.

Maswali mawili yamebaki. Zambarau naipima kwa dozi hizo hizo? Na kwa kuwa Kemia amesema kinachofaa kupimwa ni kile kinachotoka kwenye sufuria, naweza kuchota maji ya sufuria baada ya kuchemsha ukindu nikayaweke moja kwa moja kwenye sahani?

---

Sahani_37

Zambarau hapana. Salmonella wa Ames wamevuliwa sehemu ya ukuta wao wa nje ili molekuli kubwa zipenye, na namna ya kuthibitisha kwamba bado wamevuliwa ni kuwaua kwa kristali vayoleti: kidiski cha karatasi chenye mikrolita 10 za myeyuko wa miligramu 1 kwa mililita, unasubiri duara safi la milimita 14 hivi. Yaani mikrogramu 10 tu zinafyeka eneo lote hilo. Wewe unataka kuanza na 5,000. Utapata sahani tupu za zambarau na hutajua lolote. Fanya kwanza jaribio la kutafuta kiwango kwa TA100 peke yake, ukianza mikrogramu 10 na kushuka hadi 0.01, kisha chagua dozi ya juu ambayo utando umepungua kidogo tu. Tegemea kwamba bakteria hawatakupa jibu zuri kwa rangi hii hata ukifanya kila kitu sawa.

Maji ya sufuria yana tatizo jingine. Ukindu ni mmea, ukichemshwa unaachia amino asidi, histidini ikiwemo. Histidini ikiingia sahani, bakteria wote wanakula, utando unakuwa mnene na makoloni yanaongezeka kila mahali, na hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Kwa hiyo chemsha sufuria mbili pacha: moja ukindu na rangi, moja ukindu bila rangi, maji sawa, muda sawa. Zipime bega kwa bega. Sufuria isiyo na rangi ikipandisha makoloni, pitisha zote mbili kwenye kolamu ya resini ya XAD inayoshika rangi na kuachia amino asidi zipite, osha kwa maji, kamua rangi kwa methanoli, kausha, yeyusha upya kwa kiyeyushi cha DMSO. Usizidishe mililita 0.1 ya DMSO kwa sahani.

Mashine za kuhesabu makoloni zizime. Sahani za rangi zinazidanganya. Hesabu kwa macho, sahani ikiwa juu ya boksi la mwanga, na anayehesabu asijue ni dozi gani.

---

Kromosomu_46

Naongezea kwenye lile swali la kwanza, "Ames ikitoka hasi niishie hapo?" Hapana, na zambarau ndiyo mfano wake. Bakteria hana kromosomu kama zetu wala nyuzi za kuzivuta seli inapogawanyika. Kemikali inayovunja kromosomu nzima, au inayoziacha nyuma, inaweza kupita Ames kimya kimya. Kristali vayoleti imeonyeshwa tangu 1978 kwamba huvunja kromosomu za seli za mamalia zikikuzwa kwenye chupa.

Kipimo kinachofaa ni cha mikronyukliasi, OECD namba 487. Damu ya mtu aliyeridhia kutoa, seli nyeupe zinaamshwa kwa fitohemaglutinini, zinapewa kemikali, kisha saitokalasini B inayozuia seli isitengane baada ya kiini kugawanyika. Unabaki na seli zenye viini viwili. Ndani ya hizo unatafuta kijiini kidogo cha tatu pembeni: hicho ni kipande cha kromosomu, au kromosomu nzima, kilichoachwa nje. Hesabu seli 2,000 zenye viini viwili kwa kila dozi. Fanya kwa saa 3 hadi 6 ukiwa na S9 na bila S9, na mara nyingine kwa muda mrefu bila S9. Dozi ya juu isizidi ile inayopunguza ukuaji kwa asilimia 55 hivi, kwa sababu seli zinazokufa hukatika vinasaba zenyewe na utaisingizia kemikali.

Tahadhari kwa njano: auramini yenyewe inang'aa chini ya taa ya fluoresenti, ndiyo maana inatumika kwa kifua kikuu. Ukipaka slaidi zako akridini ya machungwa, utakuwa unahesabu mng'ao wa auramini ulionasa kwenye vumbi la slaidi. Tumia Giemsa, rangi ya slaidi isiyohitaji fluoresenti, na mwanga wa kawaida.

Kama fedha zinatosha kipimo kimoja cha nje, peleka hiki, na peleka kwa mkamuo wa sufuria ya njano. Zambarau tayari ina ushahidi wa kutosha wa kuiacha bila kungoja.

---

Afya_Kazini_Pwani

Wakati vipimo vikiendelea sufuria hazitasimama, kwa hiyo niseme mambo ya mikononi.

Hatari kubwa iko kwenye unga mkavu. Ule wingu mdogo unaopanda kijiko kinapomiminwa juu ya maji yanayotokota ndio unaingia puani, na anayeinama juu ya sufuria mara nyingi ana mtoto mgongoni. Unga uchanganywe kwanza na maji baridi kwenye kikombe, chini, uwe uji, ndipo umiminwe. Hilo peke yake linaondoa vumbi karibu lote na halina gharama.

Sufuria ya rangi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa mchanga. Alumini hushika rangi kwenye mikwaruzo. Itobolewe mpini au ipigwe alama ya msumari ili mjukuu asije akapikia uji. Kijiko vile vile.

Glavu za kawaida za hospitali huchanika kwenye maji moto na ukindu una ncha. Zinafaa zile nene za kufulia zinazofika kwenye kiwiko. Mikono iliyogeuka rangi isisafishwe kwa jiki: klorini ikikutana na amini inazalisha vitu vingine ambavyo hujavipima. Sabuni, maji, na subira ya siku mbili.

Kusuka kunafanywa ukindu ukiwa umeloweshwa, na wengi hushika ukili kwa meno. Hapo rangi inaenda moja kwa moja mdomoni na utumboni, kwenye bakteria wale wale wanaokata azo. Ukindu uliotiwa rangi uoshwe maji matatu hadi maji yatoke meupe kabla haujasukwa. Usiposafika baada ya maji ya tano, rangi haikushika kabisa na haifai kwa mkeka wa kulalia mtoto.

Na muuzaji aulizwe karatasi ya usalama ya kila kopo. Kemikali za viwandani na majumbani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya mwaka 2003. Karatasi hiyo ndiyo inayobeba namba ya CAS, kitambulisho cha kimataifa cha kila kemikali, na ukiwa na CAS kazi ya Kemia inakuwa nusu.

---

Kemia_ya_Pwani

Sahani amenisahihisha vyema kwenye machungwa, nafuta neno langu. Nimeuchora upya: upande wa naftoli hauna salfoni.

Kwa hiyo mpango wako mkuu, kwa fedha ulizonazo: nyekundu na zambarau zinatoka bila kupimwa. Njano chemsha, tafuta ketoni kwenye silika wiki hii hii; ikionekana, nayo itoke. Machungwa ipimwe kwa njia ya Prival, TA98 na TA100 kwanza. Ripoti ya machungwa ikitoka hasi andika aina za bakteria, S9 ilikuwa ya mnyama gani, dozi ya juu, na kama Congo Red ilitoa makoloni siku hiyo.

Na sodiamu azidi utakayotumia kulinganishia TA100 bila S9, mabaki yake usiyamimine kwenye sinki. Ikikutana na mabomba ya shaba au risasi inajenga chumvi zinazolipuka, na ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu. Iweke kwenye chupa yake yenye lebo, pH iwe juu ya 9, hadi ichukuliwe.

---

Ukindu_Tanga

Njano nimechemsha leo, gramu 1 kwa lita, saa moja. Doa limepanda, liko sambamba na ketoni niliyoazima. Rangi ya maji nayo imefifia kuliko ya asubuhi. Naandaa sahani za machungwa, S9 ya hamsta nimeagiza.